CageFS imenitulizia wasiwasi wa nywila za kanzidata

Ukitafuta seva ya pamoja kwa ajili ya WordPress, bei na ukubwa wa diski uviache kwanza. Uliza kama wanatumia CloudLinux (mfumo endeshi wa seva za pamoja) yenye CageFS, sehemu yake inayotenganisha akaunti za wateja. Tovuti za wateja wangu nimezihamishia huko, na nilikotoka sirudi.

WordPress huandika DB_USER na DB_PASSWORD (jina na nywila ya kanzidata) waziwazi ndani ya wp-config.php, faili yake ya mipangilio, kwa kuwa PHP, lugha inayoiendesha, lazima iisome nywila hiyo ndipo ifikie kanzidata. Kuificha kwa usimbaji hakusaidii, maana ufunguo wake nao utakaa kwenye seva ileile. Kinachobaki ni kujua nani mwingine anaweza kuifungua faili hiyo. Kule nilikokuwa, PHP ya wateja wote iliendeshwa na mtumiaji mmoja, nobody. Nikiweka ruhusa 600 (mwenye faili tu ndiye anayeisoma), tovuti yangu mwenyewe inagoma. Nikiweka 644 (kila mtumiaji wa seva anaweza kuisoma), skripti ya mteja yeyote wa seva ile inaweza kuisoma faili yangu ikijua ilipo. Ni nyumba ya kupanga ambayo ufunguo mmoja unafungua vyumba vyote. Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakanishauri niwe nabadilisha nywila mara kwa mara. Jibu lile liliniudhi sana, kwa sababu nywila mpya ingeandikwa kwenye faili ileile iliyo wazi.

Kwenye CageFS kila akaunti ina mfumo wake wa mafaili, na PHP inaendeshwa kwa jina la mwenye akaunti. Niliingia kwa SSH (njia ya kuipa seva amri kwa maandishi) nikaandika ls /home, ambayo huorodhesha folda za akaunti: folda yangu peke yake. Nikafungua /etc/passwd, orodha ya watumiaji wa seva: hakuna jina la jirani hata mmoja. Nikaweka wp-config.php kwenye 600 na tovuti ikafunguka vizuri. Kisha nikaihamisha faili hiyo ikae juu ya public_html, kwani WordPress yenyewe huitafuta ngazi moja juu isipoikuta mahali pake. Hivyo hata siku PHP ikizimika na seva ikaanza kutoa msimbo kama maandishi ya kawaida, nywila haimo kwenye folda inayofikiwa na kivinjari. (Nakala za wp-config.php.bak zifute hata hivyo. Seva huzitoa kama maandishi kwa yeyote anayebahatisha jina.)

CageFS inatenganisha akaunti, haitenganishi tovuti zilizo ndani ya akaunti moja. Ukirundika tovuti za wateja kadhaa kwenye akaunti moja ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), plagini moja yenye tundu inatosha kusoma nywila zao wote. Kwa hiyo kila mteja nimemfungulia akaunti yake. Gharama imepanda, na naona inastahili. Kila tovuti pia ina mtumiaji wake wa MySQL mwenye haki kwenye kanzidata yake tu, na sehemu ya Remote MySQL, inayoorodhesha kompyuta za nje zinazoruhusiwa kuifikia kanzidata, nimeiacha tupu, nywila ikivuja isitumike kutoka nje.

Kabla hujalipia mwaka mzima, omba akaunti ya majaribio. Weka faili ya PHP yenye echo exec('whoami'); (huonyesha PHP inaendeshwa kwa jina la nani) uifungue kwenye kivinjari, kisha uifute. Ikirudisha jina la akaunti yako, endelea na maswali mengine. Ikirudisha nobody au www-data, tafuta kampuni nyingine. Kama exec imefungwa, waulize kwa maandishi PHP inaendeshwa na mtumiaji gani, na uwatake wajibu kwa maandishi vilevile.