Kamera ya nyuma ya baiskeli: miezi minane nayo na klipu nne

Nimekaa nayo miezi minane kwahiyo nadhani nina haki ya kuiongelea. Ni hizi kamera ndogo zinazofungwa chini ya siti, taa nyekundu imo humo humo, ukiwasha taa na yenyewe inaanza kurekodi. Jina la kampuni siandiki, maana zinafanana karibu zote na lawama zangu kubwa wala si za kamera.

Niliinunua kwa hasira kiukweli. Lori lilinipita karibu mpaka kioo chake kikanigusa kiwiko, nikaenda kituoni kuripoti, askari akaniuliza vitu viwili tu, namba ya gari ngapi na shahidi nani. Sina. Akafunga daftari. Usiku ule ule nikaagiza kamera.

Picha kwanza. Mchana iko poa, 1080p fremu 30 kwa sekunde, namba ya gari inasomeka gari likishakaribia kabisa, likiwa mbali unaona kitu cheupe tu. Jioni ndo balaa, taa za gari zinaua kila kitu, unabaki na miduara miwili ya mwanga na sauti ya injini. Ikinyesha tairi la nyuma linarusha tope lote kwenye lenzi, kama huna madigadi beba kitambaa la sivyo umerekodi tope lisaa lizima. Betri boksi linasema masaa matano, mimi napata matatu na nusu, sishangai, maboksi ndo yalivyo.

Sasa kuna jambo boksi halikusema kabisa na ndo la maana kuliko yote. Lenzi yake ni pana, na lenzi pana inasukuma vitu mbali. Yaani gari limenipita hadi nasikia joto lake kwenye goti, nikiangalia video naona kama kuna nafasi ya kupitisha mkokoteni katikati yetu. Anayeangalia akiwa amekaa kwenye kiti ofisini atasema mbona alikuacha vizuri tu. Kwahiyo nimejifunza kutobishana mita, nabishana mistari. Matairi yake yalivuka mstari wa katikati au hayakuvuka? Chukua njia ya mita 3, ncha ya usukani wangu iko nusu mita kutoka ukingoni, usukani wenyewe sentimita 60, imebaki mita 1.9, na gari la kawaida pamoja na vioo vyake linakula kama mita 2. Sasa kama hakuvuka mstari, ile mita moja na nusu ambayo sheria za nchi kadhaa zinamtaka dereva aiache akimpita mwenye baiskeli aliitoa wapi? Hapo hata lenzi iwe pana vipi hamna ubishi.

Maana kuandika sheria wala sio kazi. Wisconsin kule Marekani waliandika futi tatu tangu 1973, kama sentimita 91 hivi. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji, Hispania 1.5, Ujerumani tangu 2020 ni 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Safi kabisa kwenye karatasi. Swali ni nani yuko pale na rula gari likipita? Polisi wa West Midlands, Uingereza, mwaka 2016 walipata akili nzuri, askari anavaa kiraia anapanda baiskeli yenye kamera, akipitwa karibu anampigia redio mwenzake aliye mbele, dereva anasimamishwa, anapewa somo juu ya zulia lililochorwa baiskeli na ile mita 1.5, na kama upitaji ulikuwa wa hatari sana anakutana na mahakama. Chattanooga, Tennessee, wao askari wa baiskeli walifungiwa kifaa kwenye usukani kinachopima kwa mawimbi ya sauti gari limepita umbali gani, namba inatokea hapo hapo. Kile kifaa ndo nilichokuwa nakitaka mimi, nikaishia kununua hiki.

Alafu Uholanzi wao hata swali la shahidi wamelipindua. Gari likimgonga mwendesha baiskeli, upande wa fidia ni mwenye gari ndo aonyeshe kwamba isingewezekana kukwepa, na akishindwa kuonyesha hivyo basi aliyegongwa wa miaka 14 na kuendelea analipwa walau nusu hata kama na yeye alikosea, mtoto wa chini ya hapo analipwa yote, labda awe alifanya makusudi. Mimi hapa nimeulizwa shahidi nani!

Turudi kwenye klipu zangu, zile za kupeleka polisi kama ushahidi. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ya tarehe, betri ilikuwa imeisha kabisa na saa ya kamera ikarudi mwanzo, video inasema Januari mosi wakati watu wote tumevaa makoti ya mvua. Angalieni saa kila mkichaji, nasema kwa uchungu. Ya pili niliikata vizuri nikaweka na mshale mwekundu na duara kwenye gari, nikaona nimefanya kazi ya maana, wakaniambia wanataka faili lenyewe lisiloguswa, dakika mbili kabla na dakika mbili baada, na wakati huo kamera ilishajirekodi juu yake maana kadi ikijaa inafuta za zamani. Sasa hivi nikifika tu nahamisha kwenye kompyuta kabla sijavua helmeti, na napeleka siku hiyo hiyo, kwa sababu makosa haya yana muda wake, Uingereza kwa mfano mwenye gari anatakiwa awe ameshapata notisi ndani ya siku 14, ukikaa nayo wiki mbili umempa zawadi.

Ya tatu ikapita! Dereva aliitwa akaonywa. Alisema hakuniona, na kwenye video taa yangu inaonekana inawaka na kuzima kwenye boneti yake. Kuonywa tu, ndiyo, lakini nililala vizuri.

Mwenye kuuliza kuhusu faragha, angalia kwanza kwenu wanasemaje, Ujerumani kurekodi barabara mfululizo ni tatizo ingawa mahakama yao ya juu 2018 ilikubali video ya kamera ya gari itumike kwenye kesi ya fidia. Weka vipande vifupi vinavyojifuta.

Nyota tatu na nusu. Kama ni moja tu unanunua chukua ya mbele, inakaa na namba ya gari likienda zake kwa sekunde nyingi, ya nyuma inakuonyesha vizuri dereva alivyokuja na nafasi aliyokuwa nayo ila namba unaibahatisha.

Klipu ya nne ndo kali kuliko zote, basi limevuka mstari mweupe wa pembeni na kunibana ukingoni, namba inasomeka kama gazeti. Sijaipeleka. Kwenye zile dakika mbili za kabla nimo mimi napita taa nyekundu.