Meza ya vitabu vya mtumba Malindi, mia tatu tu
Jamani kuna meza ya vitabu vya mtumba huku Malindi njia ya sokoni, nimenunua kimoja cha vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, mia tatu tu baada ya kuvutana bei. Utamu uko pale kwa Lincoln, rais wao wakati huo, kumbe lile tangazo lake la kuwaacha huru watumwa, la 1 Januari 1863, liliwalenga wa majimbo yaloasi tu, wa Kentucky na Maryland, majimbo yasoasi, wakabaki vilevile mpaka baadae! Nikakumbuka huku kwetu pwani utumwa ulipigwa marufuku 1907, nikanyamaza kidogo. Sehemu ya mapigano ya Gettysburg inachosha, majenerali wengi mno wallahi. Na kurasa za mwisho zimeng'oka, mwenye meza kimyaa hakusema, lakini ntarudi tu, kaniwekea kingine cha mdororo wa uchumi wa 1929.