Pikmin: bustani iliyogeuzwa kuwa mchezo wa video

Pikmin, mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 2001 kwa ajili ya GameCube, mashine yake ya michezo ya video, ulitokana na bustani. Shigeru Miyamoto, aliyeleta wazo lake, alikuwa amependa kilimo cha bustani nyumbani, na anayeucheza huhisi jicho la mtu aliyewahi kuchuchumaa kwa muda mrefu akitazama sisimizi wakibeba mizigo. Muumbaji huyu wa michezo ya Mario na Zelda amejulikana kwa maisha ya kawaida mjini Kyoto, Japani, ambako kwa miaka mingi alikuwa akienda kazini kwa miguu au kwa baiskeli, na mwendo huo wa taratibu nauona kila mahali katika kazi hii.

Mchezaji humwongoza Olimar, nahodha mdogo ambaye chombo chake kimeanguka kwenye sayari ngeni, akiwa na siku 30 za kukusanya vipande 30, huku akisaidiwa na Pikmin, viumbe wanaong'olewa ardhini kama karoti, wasiozidi 100 kwa wakati mmoja. Wekundu hawaungui, wa buluu hawazami, wa njano hurushwa juu zaidi. Kanuni hizo chache zinatosha kabisa.

Kinachonigusa zaidi ni uchungu wa kuwapoteza. Nilipoliingiza kundi langu majini kwa pupa, nikawaona wekundu wakizama mmoja baada ya mwingine, niliona aibu ya kweli. Dosari ninayoihesabu ni kikomo cha siku, ambacho humbana mno mchezaji mgeni anayetaka tu kuyatazama majani.