Gari la paa la kufunguka kwa barabara za Mbeya: lipi lianze, lipi lishike mkia

Shemeji yangu aliniuliza: nani ananunua gari la wazi Mbeya, mji ambao mwezi wa sita asubuhi mtu anavaa makoti mawili? Nilimpandisha barabara ya Chunya saa kumi jioni, paa wazi, hita ikipuliza miguuni. Hakuuliza tena.

Kabla ya kutaja majina, fikiria hewa. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukiwa juu kwenye barabara ya Chunya unapita 2,400. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu ukiwa bado Mafiati mjini. Namba za nguvu unazosoma kwenye minada ya Japani si za mlima.

Ndiyo maana ya kwanza kwangu ni Mazda Roadster, ambayo kwingine inaitwa MX-5, na hasa toleo la tatu, la 2005 hadi 2015. Injini ni lita 2.0, nguvu za farasi 170 hivi, kwa hiyo hata mlima ukila sehemu yake inabaki ya kutosha. Injini iko mbele, tairi za nyuma ndizo zinasukuma, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Mazda wana msemo wa Kijapani, jinba ittai: farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Nilidhani ni maneno ya biashara mpaka niliposhika zile kona na usukani ukaanza kuniambia tairi zinakanyaga nini. Tafuta yenye paa gumu, lililokuja 2006: linajikunja kwa sekunde 12 na buti halipungui. Injini ni ukoo mmoja na ya Axela ya lita 2.0, kwa hiyo fundi haanzi kujifunza kwako. Ile ya kwanza ya 1989, yenye taa zinazoinuka kama macho ya chura, ndiyo nzuri kuliko zote kwa sura. Lakini 1.6 yake kwenye mlima wa Chunya ni mgonjwa wa pumu.

Ya pili ni Toyota MR-S, 1999 hadi 2007. Injini yake, 1ZZ-FE, ndiyo ile ya Wish ya 1.8, basi spea Mwanjelwa huhangaiki. Angalia za miaka ya mwanzo, zinakula oili. Injini imekaa nyuma ya viti, gari linageuka kama mbuzi, ila ukiteremka Tukuyu kwenye mvua ukaachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kutangulia. Buti hamna. Mkungu wa ndizi unakaa kiti cha abiria, umefungwa mkanda.

Daihatsu Copen ya 2002 ni ya tatu: cc 659 tu, farasi 64, lakini ina turbo na hewa nyepesi haiitishi sana. Paa likikunjwa linameza buti. Matuta ya Uyole yapite taratibu.

Honda S2000 naiweka mwisho, najua mtanitukana. Farasi 250 kwenye mizunguko 8,300 kwa dakika, injini tamu kuliko zote hapa. Ila utaifikisha wapi mizunguko hiyo kabla ya tochi ya trafiki? Na bei yake sasa ni ya wakusanyaji.

Zote hizi ni za zamani, kwa hiyo pitisha kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kuagiza, maana ushuru wa uchakavu unauma.

Ukipata ya hapa hapa nchini, usianze na injini. Nilikagua Roadster moja ya turubai pale Soweto, hapa Mbeya, inang'aa. Kapeti nyuma ya viti lilikuwa kavu juu. Nikabonyeza kidole, maji yakapanda. Vitundu vya kutolea maji ya paa vilikuwa vimezibwa na majani ya mkaratusi, na chuma chini kilishaanza kumeguka kama biskuti. Muuzaji akasema wameiosha asubuhi. Nikarudi nyumbani kwa bajaji.