Programu ya habari ninayolipia: sauti safi, arifa za kubahatisha

Nyota 2 kati ya 5.

Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu. Naishi Minnesota, Marekani, kwetu ni Tanga. Dereva habari huzisikiliza, hazisomi, na ndiyo sababu nilijiunga na programu hii ya kulipia kila mwezi: simu ukishaiunganisha na spika za gari, arifa zinasomwa kwa sauti, kisha ukitaka unaambiwa habari kamili. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa niliyoyakuta humu nimeyakuta na kwa wenzake, na ningependa kila msomaji aikague ile aliyo nayo kwenye simu yake.

Nianze na uzuri wake. Sauti ni safi hata Dakota Kaskazini, ambako mtandao huja na kupotea. Unaweza kupakua taarifa za asubuhi kabla hujawasha injini. Matangazo ya biashara hakuna. Onyo la theluji na upepo linafika mapema, na kwa mtu anayevuta trela tupu upepo si jambo la mzaha. Kwa hayo peke yake ningeipa nyota nne.

Mbili nimezitoa kwa sababu ya namna inavyotangaza watuhumiwa wa mauaji.

Nina kijana wa miaka 15 mwenye usonji (autism), na shule zikifungwa husafiri nami. Tulikuwa tumeegesha kituo cha mafuta, yeye anakula chipsi zake, mara arifa ikasomwa: watu wamepigwa risasi, mtuhumiwa amekamatwa, jirani asema huenda ana usonji. Kijana akaacha kula.

"Baba, nani kasema?"

"Jirani yake."

"Jirani ni daktari?"

"Hawakusema."

"Sasa mbona wameandika?"

Sikuwa na la kumjibu, na naamini hata mhariri aliyeipitisha arifa ile asingekuwa nalo. Baadaye niliitafuta habari yenyewe. Sentensi ya jirani ilikuwa imeshafutwa, na pale chini hapakuwa na hata mstari wa kusema kwamba kuna kitu kimeondolewa. Arifa ya pili haikutumwa. Kila aliyesikia ile ya kwanza na asirudi kutazama, mpaka leo anaamini alichosikia.

Kuna kitu kimoja humu nakisifu kwa moyo wote, nacho ni hifadhi ya habari za zamani. Inatafutika vizuri, unaandika mwaka na mji, unaletewa. Niliitumia kurudi 2012, maana mtindo huu si wa jana. Julai 20 mwaka huo watu 12 waliuawa ndani ya sinema mjini Aurora, Colorado. Siku tatu baadaye mtangazaji Joe Scarborough wa kituo cha televisheni cha MSNBC, ambaye mwenyewe ana mtoto mwenye Asperger, aina mojawapo ya usonji, alisema hewani kwamba anaamini wengi wa wauaji wa aina hii huenda wako kwenye wigo wa usonji. Wazazi na watu wenye usonji walilalamika, naye akatoa maelezo. Kesi iliposikilizwa 2015, madaktari wa akili waliotoa ushahidi walizungumzia maradhi ya akili ya jamii ya skizofrenia. Usonji haukuwamo.

Desemba 14, 2012 ikaja Newtown, Connecticut. Kijana wa miaka 20 alimuua mama yake nyumbani, kisha akaenda shule ya Sandy Hook akaua watoto 20 na watu wazima 6. Katika saa za mwanzo vyombo vya habari vilitangaza jina la kaka yake kuwa ndiye muuaji. Hilo lilirekebishwa siku ileile. Lakini wakati huohuo Asperger ilikuwa imeshaanza kutajwa kama maelezo ya kilichotokea, na hiyo haikurekebishwa kwa kasi ile. Kaka mtu yupo, ana sura, anaweza kusema "si mimi". Usonji hauna mtu mmoja wa kusimama kujitetea.

Mwendesha mashtaka alipotoa ripoti yake Novemba 2013 alithibitisha kwamba kijana yule alikuwa amepimwa na kukutwa na Asperger mwaka 2005, na akasema sababu ya mauaji hakuipata. Mwaka mmoja baadaye ofisi ya mtetezi wa watoto ya Connecticut ikatoa ripoti ya kurasa 114, ikasema wazi kwamba usonji haukusababisha mauaji yale. Ilitaja matatizo ya afya ya akili yaliyozidi kuwa mabaya bila tiba, kuzama katika mambo ya ukatili, na silaha zilizokuwa mle nyumbani. Kwa hiyo hata pale ubashiri ulipopatia kwamba kijana ana Asperger, ulikosea kuhusu sababu. Nenda kwenye hifadhi hiyohiyo ulinganishe habari za siku ile na za siku ya ripoti, utaona mwenyewe zipi ni nyingi.

Sisemi usonji usitajwe kabisa. Kesi ya wanafunzi wanne waliouawa Idaho Novemba 2022 programu hii iliiripoti inavyotakiwa. Mawakili wa Bryan Kohberger walipeleka mahakamani hati inayosema amekutwa na usonji, wakiomba asihukumiwe kifo, na wakaeleza hofu yao kwamba baraza la wazee wa mahakama lingeutazama uso wake usiobadilika likadhani hana majuto. Jaji alikataa ombi hilo Aprili 2025, na Julai mtuhumiwa akakiri kosa, akafungwa maisha. Habari ilitaja nani amesema, kwa hati gani, na mahakama imeamua nini. Hayo ndiyo maswali ya mwanangu, na siku hiyo yote yalijibiwa.

Kwa kijana wangu hili ni jambo la usalama. Hamtazami mtu machoni. Ukimwamrisha kwa kelele anaziba masikio, na akizidiwa hujipiga kichwa kwa kiganja. Polisi aliyeshindiliwa arifa kama ile ataiona tabia hiyo kwa jicho gani? CDC, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, kwa takwimu za 2022, inasema mtoto 1 kati ya 31 wa miaka minane katika maeneo inayoyafuatilia ana usonji. Wengi wao wataonewa na wenzao kabla ya wao kumgusa mtu. Na habari hizi haziishii huku. Mama yangu alipiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, nasikia huko kwenu watoto wa aina ya mjukuu wangu ndio wanaoua watu?" Nilimweleza mpaka salio likaisha.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja upesi na kwa adabu, kwamba maoni yangu yamefikishwa kwa wahariri. Niliomba jambo moja, nalo naliomba tena hapa: sentensi iliyotumwa kwa arifa ikifutwa, masahihisho nayo yatumwe kwa arifa, kwa watu walewale.

Kwa mzazi mwenye programu ya namna hii: ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya arifa, zima "habari za dharura", acha hali ya hewa na barabara. Kwangu zinazimika kila moja peke yake. Usomaji wa sauti nao unaweza kuuweka uanze pale tu unapobonyeza wewe. Malipo yangu yanafika mwisho wa mwezi ujao. Wakiweka arifa za masahihisho nitalipa tena na kurudisha nyota zao mbili. Wasipoweka, nitabaki na redio ya lori.