Kovu la upasuaji: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Usinunue chochote kabla kidonda hakijafunga kabisa. Nyuzi ziwe zimetoka, vigaga vimebanduka vyenyewe, na pasiwe na majimaji wala sehemu iliyo wazi. Wengi hufika hapo wiki mbili au tatu baada ya upasuaji, lakini muulize daktari wako kwanza. Na ujue mapema kwamba hakuna dawa inayofuta kovu. Unachoweza kupata ni kovu laini, lisiloinuka, lenye rangi inayokaribia ya ngozi yako. Hata hilo huchukua miezi, kwa sababu kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima na zaidi.

1. Plasta ya silikoni. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua hii. Madaktari wengi huanza nayo kwa kovu linaloelekea kuvimba. Hufunika ngozi na kuizuia isipoteze unyevu, na inaaminika kwamba hali hiyo hupunguza kasi ya mwili kutengeneza kolajeni (protini inayojenga ngozi) ya ziada, ile inayolifanya kovu liwe gumu na nene. Kata kipande kinachozidi kovu kidogo kila upande. Anza na saa chache kwa siku, kisha uongeze hadi ufikie saa 12 au zaidi, kwa miezi miwili au mitatu angalau. Kila siku ioshe kwa sabuni isiyo kali na maji, uiache ikauke upande wa gundi ukitazama juu. Usiifute kwa taulo, itanasa nyuzinyuzi na kuacha kushika. Ngozi ikitoka vipele, ipumzishe mpaka itulie. Kabla ya kulipa, soma boksi: je, kipande kimoja kinatumika mara nyingi? Hapo ndipo bei hutofautiana kweli, na ya bei ya chini inayotupwa kila siku inaweza kukugharimu zaidi mwisho wa mwezi.

2. Jeli ya silikoni. Hii ni ya usoni, kwenye viungo vinavyokunjwa, na popote plasta isipokaa. Paka safu nyembamba sana mara mbili kwa siku, usubiri ikauke kabla ya kuvaa nguo. Watu hukosea kwa kupaka nyingi, ikabaki inanata na kuishia kwenye shati.

3. Tepu ya karatasi. Ile nyeupe ya hospitali, ya bei nafuu, nami naiheshimu sana. Ukiibandika juu ya kovu hupunguza mvutano wa ngozi, na mvutano ni moja ya sababu za kovu kutanuka. Inafaa hasa kifuani, mabegani na mgongoni. Iache ibanduke yenyewe baada ya siku kadhaa. Ukiivuta kila siku unaichubua ngozi.

4. Losheni ya kuzuia jua, yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Kovu changa likipigwa na jua huweza kuwa jeusi na kukaa hivyo muda mrefu, hata kwa mwenye ngozi nyeusi. Kama kovu liko tumboni, nguo inatosha, okoa pesa yako.

Mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha kwa kulikanda kovu likishapona vizuri.

Jeli za kovu zilizotengenezwa kwa vitunguu zina ushahidi dhaifu, sizipendekezi. Mafuta ya vitamini E ndiyo hasa yanayonisikitisha, kwa sababu watu huyaamini mno ilhali huweza kuleta mzio na vipele juu ya kovu lenyewe. Krimu za kung'arisha ngozi usiziguse kabisa: baadhi zina zebaki au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) zinazoidhoofisha ngozi.

Kovu likianza kuvuka mipaka ya kidonda, likiwasha na kuuma huku likikua, huenda ni keloidi. Hapo acha kununua, nenda kwa daktari wa ngozi. Kuna sindano za steroidi zinazochomwa ndani ya kovu, na kadiri unavyowahi ndivyo linavyotibika kwa urahisi. Kama wewe au ndugu zako mmewahi kupata keloidi, mwambie daktari kabla hata ya kupasuliwa.