Printa ya mtandao ofisini kwetu: dakika mbili na nusu za kusubiri

Printa yenyewe siilaumu. Ni ya leza, nyeusi na nyeupe, na ikishaanza inatema karatasi kama mashine ya posho. Kazi ilikuwa kuanza.

Ofisi yetu ipo Mtwara mjini, tuna kompyuta sita, na kuanzia Oktoba korosho zikiingia maghalani karatasi hazipumziki. Fundi aliyetufungia alimaliza haraka, akachukua chake, akaondoka. Siku tatu za mwanzo raha tupu. Ya nne umeme ukakatika, na uliporudi mambo yakageuka: unabonyeza kuchapa, kompyuta inakuambia inaunganisha, basi unakaa. Nilipima kwa saa ya ukutani, dakika mbili na nusu. Dereva wa lori la Newala kasimama dirishani anasubiri hati yake, mimi namchekea tu.

Word nayo ikawa nzito kufunguka hata kama huna nia ya kuchapa. Kumbe ikifunguka huwa inaiulizia printa chaguo-msingi, na isipojibiwa inaganda.

Nikampigia fundi. "Kaka, zima halafu washa." Tukazima, tukawasha. Mama mhasibu akasema labda tuifukizie ubani.

Fundi wa pili, kijana mdogo, hakugusa kompyuta kwanza. Alibonyeza vitufe vya printa ikachapa ukurasa wa mipangilio yake, akausoma kimya. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao, iliishia na 14. Kwenye kompyuta mbili imeandikwa 9. Printa ilikuwa inapewa anwani na ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao, na baada ya umeme kurudi ikapewa nyingine. Hizo mbili zilikuwa zinabisha hodi nyumba iliyohamwa. Nne zilizobaki zilifungwa kwa WSD, njia ya Windows ya kuunganisha printa, ambayo haishiki anwani bali hutegemea kuitafuta printa mtandaoni, na hapo ndipo muda ulipokuwa unaliwa.

Aliingia kwenye ruta akaitengea printa anwani moja ya kudumu. Kisha kila kompyuta akaiongezea printa upya kwa poti ya TCP/IP, namba 9100, inayoifuata printa moja kwa moja kwenye anwani yake, akaondoa alama ya tiki kwenye SNMP, njia ya kompyuta kuiuliza printa hali yake, maana hiyo nayo wakati mwingine huifanya Windows iamini printa imezimwa kumbe ipo hai. Akafuta na printa mbili tulizoziuza zamani, majina yake yalikuwa bado yamo.

Sasa ni sekunde chache. Anayelalamika bado ni bosi, laptopu yake inatumia Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta imeitenga na mtandao wa ofisi, na hataki kuhama.

Printa naipa nyota nne, ufungaji wa kwanza moja. Ule ukurasa wa mipangilio nimeubandika ubavuni mwa printa, anwani nimeizungushia kalamu nyekundu.